Upande Ule Mwingine wa Raki

Nafula mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizia hali, lakini hali yako naijua. Umeondoka hapa asubuhi ukiwa mzima, umevaa lile koti lako la kijani, na sasa uko Rukala kwa bibi yako, kukhu wako, unalishwa samaki na kuagwa upya kila ukisimama. Kukhu humuaga mtu, kisha humwita arudi achukue ndizi, kisha humuaga tena. Utarudi hapa jua likielekea kuzama. Kwa hiyo nina alasiri nzima, nina meza yetu ya kazi, na nina kimya cha nyumba hii, ambacho leo nimekuwa nikikijaribu kama mtu anavyojaribu viatu kabla ya kuvinunua.

Sitakuandikia mambo ya kula na kulala. Kupika unajua kunishinda, pasipoti umeiweka unapopajua, na basi la Kigali litapita hapa hapa Busia kesho asubuhi. Ninachotaka ni kujibu swali lako la jana.

Ulikuwa umepiga magoti karakanani mbele ya raki yetu ya mazoezi, unatoa nati zilizoshika kutu, ukaniuliza bila kugeuka, "Baba, ile kazi ya Malaba wiki ijayo. Nani atashika upande ule mwingine?"

Nikasema natafuta bisibisi. Bisibisi ilikuwa mkononi mwangu. Wewe uliiona, lakini una adabu za mama yako. Ulitoa nati nyingine mbili ndipo ukasema, "Ukisema nibaki, nabaki. Naweza kuwapigia simu wenye kazi ya Kigali niwaambie. Siyo kwa ubaya, baba."

Chakula cha jioni kikapita tukizungumza habari za mvua. Hukuuliza tena, na najua kwa nini. Unangoja. Begi lako umelifunga, lakini zipu hukuifikisha mwisho.

Sasa nivumilie kidogo. Nimefundisha maisha yangu yote na siwezi kufika kwenye jibu bila kupitia maelezo. Mama yako alikuwa akisema mtu akiniuliza saa, kwanza nitamweleza saa inavyotengenezwa.

Raki ni nguzo za chuma zilizosimama, za kufungia vifaa vya mtandao, zenye matundu ya mraba kutoka chini hadi juu. Tundu lenyewe ni tupu, haliwezi kushika skrubu. Ndiyo maana tunachukua zile nati ndogo zilizokaa ndani ya vizimba vya bati, tunazoziita keji, tunazibana na kuzipachika tundu kwa tundu, na kila anayezipachika huacha ngozi kidogo ya kidole. Kisha kifaa kinaletwa. Masikio yake mawili ya chuma yanalazwa juu ya nguzo, tundu linakutana na nati, skrubu inaingia. Kwa maneno, kazi imekwisha.

Nilifundisha hivyo chuoni kwa miaka mingi. Kitabu kilikuwa na mchoro mzuri: raki, kifaa mbele yake kikielea hewani, na mishale inayoonyesha kinakoelekea. Nilichora mishale ile ubaoni kwa chaki za rangi. Haikunijia hata siku moja kuuliza ni nani anayekishikilia kifaa hewani wakati fundi anatafuta tundu la skrubu. Jibu ni kwamba kuna mtu. Kuna mikono ya mtu chini yake, inatetemeka, na mchoro umemwacha nje.

Mtu yule, nilipoacha chuo nikaanza kazi hii, alikuwa mama yako, Ajiambo wangu. Unakumbuka alikuwa na meza ya vitenge karibu na soko. Vijana niliowaajiri hawakudumu, mmoja baada ya mwingine wakaenda kuendesha boda, na siku moja kazi ilikuwa imeshakubaliwa na hakukuwa na mtu. Ajiambo akafunika vitenge kwa turubai akasema, "Twende. Vyuma si vyuma tu?"

Ilikuwa Malaba, ofisi ya wakala mmoja wa forodha, kando ya barabara. Malori yalikuwa yamepanga foleni hadi macho yanapoishia. Tulikuwa tunaingiza raki mlangoni, yeye mbele mimi nyuma, dereva mmoja akatoa kichwa dirishani.

"Mzee, kwani vijana waliisha huko kwenu Busia? Unabebesha mama vyuma?"

Mama yako hakuweka chini. Akamjibu akiwa ameinama hivyo hivyo, "Vijana wako hapa kwa foleni pamoja na wewe, boss. Mnangoja mtandao. Ukinipisha nitakuwekea uende nyumbani."

Foleni nzima ilicheka. Tulipotoka jioni, dereva yule yule alitununulia soda.

Ni siku ile ofisini ndipo neno letu lilipozaliwa. Yeye alikuwa ameinua kifaa, mimi nimeingiza skrubu mbili kati ya nne. Akauliza, "Imeshika?" Nikamwambia skrubu mbili zinatosha kubeba uzito ule, nikaanza kumweleza kwa nini. Akanikatiza. "Mwalimu, sijauliza kama inatosha. Nimeuliza kama imeshika."

Nikajaribu kwa mkono. Moja ilikuwa imeingia mshazari, haikushika kitu. Ingekuwa ni mwanafunzi wangu aliyesema "inatosha" ningempa sifuri. Nikaitoa, nikairudisha sawasawa, nikakaza, nikajaribu tena, ndipo nikasema, "Imeshika." Hata hapo hakutoa mikono ghafla. Aliishusha kidogo, akaiacha wazi chini ya kifaa kama mtu anayekinga maji ya paa, akangoja, ndipo akaiondoa kabisa.

Kuanzia hapo ikawa sheria. Anayeshika haachii kwa kukisia. Anauliza. Mwenye bisibisi naye hajibu ili kumfurahisha mwenzake, hata kama mikono ya mwenzake inaungua. Katika miaka yote tuliyofanya kazi naye, sikumjibu neno lile hata mara moja bila kuwa kweli. Nyumbani nimesema uongo wangu mdogo mdogo kama kila mume. Mbele ya raki, hapana. Wewe pia hukuwahi kulisikia kwangu likiwa si kweli. Liweke hilo akilini hadi mwisho wa barua.

Mama yako aliondoka duniani ukiwa kidato cha pili. Sitaandika habari za ugonjwa wake, ulikuwepo, uliona zaidi ya ilivyompasa mtoto kuona. Nataka kukueleza siku ambayo hukuwepo.

Ilikuwa baada ya matanga, watu wamekwisha kurudi makwao, wewe umerudi shule. Simu ikaja kutoka kwa wakala mwingine pale Malaba. Jirani zetu wangenipa mtoto wao mmoja anisaidie, wala wasingetaka kitu. Sikuwaambia. Nilikuwa nimesaidiwa sana mwezi ule, Nafula. Nilikuwa nimeletewa chakula, nimefuliwa nguo, nimeshikwa mkono nikivuka barabara kama kipofu. Nikajiambia kuna akili, na mwenye akili anaweza kufanya peke yake.

Na kweli akili ilikuwepo. Nilipanga kreti tupu za soda mbele ya raki hadi kimo ninachotaka, nikapandisha kifaa juu yake. Kreti zingekuwa mama yako. Nikaingiza skrubu ya sikio la kushoto. Nikaenda kulia, nikakuta kreti zimepungua kimo kwa kidole kimoja, tundu na nati havionani. Nikaweka bega chini ya kifaa nikakiinua kile kidole kimoja. Vikaonana. Nikanyoosha mkono kuchukua skrubu, kreti ya juu ikateleza, zote zikaanguka, na bisibisi nayo ikabingirika chini ya meza.

Basi nikabaki hivyo. Uzito wote begani, sikio moja limeshikwa na skrubu ambayo haijakazwa, na chini ya kifaa kile kulikuwa na kingine kilichokwisha kufungwa, cha watu. Nikitoka, sikio litajipinda na kile cha chini kitapondwa. Simu yangu ilikuwa mezani, naiona. Wenye ofisi walikuwa wamekwenda kula, wamefunga mlango kwa sababu ya vumbi la malori.

Mlango ule ulikuwa wa bati jembamba. Nilisikia kila kitu. Muuza mayai alipita akigonga ndoo yake. Wanawake wa upande wa Uganda walipita wakimbishia mtu bei ya nyanya, "ssebo" huku, "ssebo" kule, yaani bwana. Makonda walikuwa wanatukanana kwa furaha. Watu wote wale walikuwa hatua chache kutoka begani mwangu, na kilichohitajika ni niseme, jamani, nisaidieni. Sikusema. Mwanga wa dirishani ulihama sakafuni kutoka ukuta mmoja hadi mguu wa meza na mimi sijasema.

Nimejiuliza mara nyingi ni kwa nini. Majivuno yalikuwepo, sikatai. Lakini kilichonifunga mdomo hasa ni kwamba nilijua nikiufungua, jina litakalotoka litakuwa la Ajiambo. Ningelipaza kwa sauti, katika chumba kitupu, na lisiitikiwe. Nikaona afadhali bega livunjike.

Aliyefungua mlango ni Shabani. Unamjua kama mwenye duka la vipuri vya malori hapa Busia karibu na msikiti, lakini siku hizo duka lake lilikuwa Malaba, ukuta mmoja na ofisi ile. Alikuja kuuliza kama mtandao umerudi. Akasimama mlangoni akaniangalia nilivyojikunja na kile kifaa.

"Mwalimu," akasema, "unamkumbatia nani humu?"

Nikamwambia, "Shika."

"Nishike wapi?"

"Chini. Popote."

Akashika. Mtu mnene yule, mikono ya kuinua gia za malori, alikichukua kama sinia. Nikatambaa chini ya meza nikatoa bisibisi, nikaingiza skrubu za chini, nikaingiza za juu, nikakaza zote. Nikamaliza. Nikasimama pale nimenyamaza. Shabani naye ameshika, ananitazama, jasho linamtoka.

"Sasa nishike mpaka lini?" akauliza. "Mpaka Pasaka yenu?"

Neno lilikuwa mdomoni na halikutoka. Nikamgusa mkono, akaelewa, akaachia.

Nilirudi nyumbani nikakuambia begi la vifaa limeniumiza bega. Ulikuwa umesharudi kutoka shule. Ulinikanda kwa maji moto, hukuuliza mengi. Asubuhi yake ukasema, "Kazi ikitokea Jumamosi, nakuja." Hukusema "nikusaidie." Ulisema nakuja, kama mtu aliyeitwa.

Na ukaja, Nafula. Nakumbuka raki yako ya kwanza, shule moja ya upande wa Nambale. Nilikuwa nimekueleza habari ya matundu njiani kote, na ulikuwa umechoka kunisikia. Unakumbuka? Matundu hayaachani kwa nafasi sawa. Kila matatu ni uniti moja, na mwanzo wa uniti ni pale matundu mawili yanapokaribiana zaidi kuliko mengine. Mgeni akiyaona mawili yale hudhani ni ya nyumba moja, kwa sababu yamesogeleana. Kumbe mpaka unapita katikati yao. Nikakuambia, "Ni kama Busia yetu na Busia ya kule. Ukisimama sokoni huwezi kujua iko wapi moja na iko wapi nyingine, lakini ukikosea hesabu, umekosea nchi."

Ukasema, "Baba, sawa. Nimeshika."

Kisha mimi mwenyewe, mwalimu wa mipaka, nikaanza na tundu lisilo lake. Tulijaza raki yote. Chini kila kitu kilionekana kizuri. Tulipofika juu, kifaa cha mwisho hakikuingia, kimekwama na nusu ya nafasi huku na nusu kule. Ukanitazama.

"Tunatoa zote?"

"Zote."

Ukaanza kutoa keji moja moja kwa vidole vyako vilevile vilivyokuwa vimekwisha kukatwa, na hukulalamika, ila uliimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya mtu aliyekasirika. Sikuandikii haya ili nikupe somo la maisha. Ni somo la raki. Kosa la tundu la kwanza halionekani kwenye tundu la kwanza. Mtu akikuambia hajawahi kutoa zote, usimpe ufunguo wa chumba cha mashine.

Lakini kuna kitu kuhusu Jumamosi zile ninachopaswa kukisema. Nilikuwa nikiwaambia watu kwamba unajifunza kazi. Ni kweli ulijifunza, na leo unaitwa nchi nyingine kwa ajili yake. Ila wapo wenzako waliokuwa wakicheza mpira wa wavu, wapo waliokuja mlangoni kukuita mkaangalie sinema, na mimi niliwaambia Nafula ana kazi. Ziko siku kazi ilikuwa ndogo, kifaa chepesi ambacho ningekiinua kwa mkono mmoja. Bado nilikuita. Nilihofia kukaa tena katika chumba kilichofungwa, huku watu wakipita nje. Ulinishikia vifaa, na pamoja navyo ukanishika na mimi, na juu yangu mimi hujawahi kuuliza kama imeshika. Nadhani ulijua jibu.

Wiki hii, ulipotaka tubadilishane, wewe ukaze mimi nishike, nilikubali kwa mzaha. Katika miaka yote hii sikuwahi kushika, ukiondoa siku ile ya bega. Nilikuwa kila mara upande wa bisibisi. Uliona nilivyotetemeka. Ulikuwa unatafuta skrubu koponi, taratibu, unazigeuza geuza, na mimi nikataka kukupigia kelele uharakishe. Nikamkumbuka Ajiambo, jinsi nilivyokuwa nikisimama na skrubu mkononi nikimweleza jambo, na yeye ameinua. Hakuwahi kunipigia kelele. Alikuwa akisema tu, "Mwalimu, ongea huku ukikaza."

Kwa hiyo ukifika huko, ukawa mkubwa wa wengine, siku nyingine shika wewe. Acha kijana mgeni akaze. Utajifunza ni maelezo gani yanaweza kungoja. Na kabla ya kukaza ya kwanza, hakikisha ya mwisho imeingia. Ukikaza moja mapema kwa furaha, masikio hukataa kukutana na matundu mengine na utalaumu kiwanda. Ziingize zote zikiwa legevu, kila kitu kipate nafasi ya kujisogeza, ndipo ukaze, chini kwanza, maana za chini ndizo zinazobeba.

Uliniambia kwamba katika nyumba ile ya mashine unakokwenda kufanya kazi kuna kigari cha kuinulia, kinapanda kwa kubonyeza kitufe, mtu mmoja anafanya kazi ya wawili. Ni vizuri, migongo itapona. Lakini kigari hakiulizi. Utajiuliza mwenyewe na utajijibu mwenyewe, na mtu akijijibu mwenyewe hupenda kusema inatosha. Tafadhali uliza kwa sauti. Waache wakucheke kwa Kinyarwanda.

Sasa jibu lako.

Ulipoondoka asubuhi niliosha vikombe viwili, nikavitazama, kisha nikavaa kofia nikaenda kwa Shabani. Nilipita mbele ya duka lake nikafika hadi kona, nikarudi, nikapita tena. Mara ya tatu akaniita.

"Mwalimu, kama unalinda duka, askari tayari ninaye."

Nikaingia. Nikaanza kumweleza habari ya Malaba: kifaa, ofisi, raki ya aina gani, uzito. Alinisikiliza huku akifuta breki kwa kitambaa. Nilipofika kwenye matundu ya mraba akaweka kitambaa chini.

"Wewe unataka nini?"

"Nafula anakwenda Kigali."

"Najua. Busia nzima inajua. Unataka nini?"

Nikasema. Ni maneno machache sana, ukiyasikia utashangaa yalivyonichukua miaka. Nilisema, "Nataka unishikie."

Akachukua tena kitambaa chake. "Siku gani? Isiwe Ijumaa mchana. Na mimi sishiki kitu nikiwa na njaa, hilo ulijue mapema."

"Jumatano. Utakula kwanza."

"Basi. Ulikuwa unazungukia hilo tu?"

Hakukuwa na zaidi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa huruma, nikapewa sharti la chakula.

Lakini mimi ni mwalimu, sikuweza kuondoka hivyo. Tukachukua sanduku la vipuri tukalifanya kifaa, rafu ya duka tukaifanya raki. Nikamfundisha ashike wapi, asimame vipi. Akasema ukimaliza nitasema bismillahi na kuachia. Nikamwambia hapana, bismillahi ni ya kuanzia, ya kumalizia kuna neno, na lazima uulize. Akaguna. Mteja mmoja alikuwa amesimama na chujio la mafuta mkononi, anatutazama watu wazima wawili tumekumbatia rafu.

Shabani akauliza, "Imeshika?"

Sikuwahi kulisikia kinywani mwa mtu mwingine, Nafula. Kwa mama yako, kisha kwako, basi. Katika sauti ile nene lilikuwa kama nguo ya nyumbani iliyovaliwa na mgeni. Niliinama kutafuta skrubu sakafuni. Hakuna iliyoanguka. Shabani aliendelea kushika sanduku lake, na mteja naye, Mungu ambariki, akageuka akaanza kuangalia bei za taa.

Kisha nikasimama, nikajaribu kwa mkono, nikasema, "Imeshika." Akaachia.

Hilo ndilo jibu la Malaba. Upande ule mwingine atashika Shabani.

Najua vilevile kwamba hukuniuliza habari za Malaba peke yake. Ulikuwa unauliza habari za nyumba hii, na hapo sitakudanganya, maana sheria ni ile ile. Shabani ana mke na wajukuu, akifunga duka anakwenda kwake. Jioni itakapofika hapa nitapika ugali mwingi mno kwa sababu mkono wangu haujui kipimo cha mtu mmoja. Nitawasha redio nimsikilize mtu asiyenijua. Nitaeleza jambo fulani kwa sauti, nifike katikati, nigundue. Mvua ikinyesha na radi zetu hizi, nitaamka kuangalia kama dirisha la chumba chako limefungwa. Litakuwa limefungwa. Haya yote nimeyapima leo katika kimya cha alasiri hii, na yana uzito wake.

Lakini unajua kifaa kinavyobebwa. Skrubu za juu hukizuia kisiyumbe. Zinazobeba ni mbili za chini. Nimejaribu kwa mkono, leo, mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Ya kwanza ni kwamba naweza kuwa katika chumba kilichofungwa na bado nikaita. Ya pili ni kwamba nikiita mtu huja, hata kama kwanza anataka chakula. Zote mbili zimeingia sawasawa, si mshazari. Za juu bado ni legevu. Kutakuwa na kuyumba. Nitazikaza polepole, wala hazikuhitaji wewe usimame hapa umeinua mikono wakati ninazitafuta.

Barua hii nitaiweka kitandani kwako, juu ya begi. Wewe ukiisoma nitakuwa nje nikijifanya nashughulikia kuku. Ukimaliza usije kunieleza kitu. Nikisikia zipu imefika mwisho, nitajua. Asubuhi nitakubebea begi hadi kwenye geti la mpakani, unipokonye pale, kwa sababu zaidi ya hapo basi ndilo litakalobeba.

Usitoe mikono ghafla. Ishushe kidogo kwanza, iache wazi hapo chini, ungoje, kama alivyokuwa akifanya mama yako. Piga simu siku za mwanzo. Kisha siku moja sahau kupiga.

Imeshika.

Baba yako